Mkono kwa Mkono: Hukumu ya Kununua Dhahabu kwa Pesa za Simu

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na akatuharimishia riba. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ahali zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, watu wa mwambao kwenda bara kwa biashara si jambo jipya. Babu zetu walipanda na misafara hata Unyanyembe, wakapita Usukuma, wakachukua nguo na ushanga na kurudi na pembe. Leo vijana wetu wa Unguja na Tanga na Dar es Salaam hufika Kahama, Geita na Katoro kwa siku moja au mbili, na wanachokitafuta ni dhahabu. Safari imekuwa fupi, lakini sharia yake haikupungua hata herufi moja. Tena pembe si mali ya riba. Na dhahabu ndiyo iliyotajwa na Mtume wetu, sala na amani zimshukie, mwanzo wa mali ya riba. Kwa hivyo aendaye Geita yampasa awe na elimu zaidi kuliko aliyekwenda Unyanyembe.

Mmoja katika vijana hao, aliyesoma kwangu chuoni tangu alifu, alinijia baada ya sala ya Alasiri na karatasi iliyokunjwa mkononi. Ndani yake mlikuwa na dhahabu gramu tano. Mtu huyu ana leseni yake na vibali vyake, wala si mwenye kufanya biashara ya kujificha. Akasema: «Maalim, dhahabu hii niliinunua kituoni Katoro kwa mchimbaji mdogo. Tulipima kwenye mizani mbele ya macho yetu sote, tukapatana shilingi milioni moja, nikamlipa kwa simu. Pesa zikatoka kwangu, lakini kwake hazikuingia, kwani mtandao ulikuwa umesimama. Na gari la Kahama lilikuwa tayari kuondoka. Akaniambia: chukua, kaka, nakuamini, zitafika. Nikachukua nikaenda. Usiku, baada ya Isha, akanipigia akasema zimefika zote. Hakuna aliyemdhulumu mwenziwe. Lakini moyo wangu hautulii. Je, dhahabu hii ni yangu?»

Nilimwambia angoje jibu, kwani mas-ala haya si yake peke yake. Ni ya kila aendaye huko, na ndiyo sababu ya waraka huu.

Asili ya mlango huu ni hadithi ya Ubada bin Samit, aliyoipokea Imamu Muslim, nayo maana yake ni kuwa vitu sita, yaani dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, vikiuzwa jinsi moja kwa jinsi yake, sharti viwe sawasawa na mkono kwa mkono. Na jinsi zikihitilafiana, watu wauziane watakavyo, maadamu ni mkono kwa mkono. Basi kuzidi na kupungua kumeruhusiwa zikihitilafiana jinsi, lakini kuchelewa hakukuruhusiwa.

Na yamkini msomaji akasema: kuchelewa gani? Mwaka? Mwezi? Twamjibu kwa kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim. Malik bin Aws alitaka kuvunja dinari mia. Talha bin Ubaidillahi akakubali, akaichukua dhahabu akawa anaigeuzageuza mkononi mwake, kisha akataka mwenziwe angoje mpaka mtunza hazina wake arudi kutoka Ghaba. Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alikuwa akisikia. Akamwapia Malik kuwa asiachane na Talha mpaka amepokea chake.

Tazameni, ndugu zangu. Talha ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Hapana mtu aliyemshuku kuwa atakula mali ya mtu. Ghaba nayo ni mahali karibu na Madina, si safari ya siku nyingi. Hata hivyo Umar hakukubali. Basi ikiwa mtunza hazina wa Talha hakungojewa kwa kuachana, mtandao wa simu utangojewaje?

Lakini kabla ya hukumu yatupasa tuulize jambo lililo nyuma yake: mkono ni nini? Je, mtu aliyeingiziwa pesa katika simu yake amepokea, au ameahidiwa tu? Hapa wenye kusoma vitabu hugawanyika makundi mawili, na kila kundi lina hoja.

Kundi la kwanza husema: sisi ni Mashafii, na katika madhehebu yetu riba ya sarafu imo katika dhahabu na fedha tu. Fulusi, yaani pesa za shaba, hata zikienea sokoni, hazina riba. Noti ni kama fulusi, na pesa za simu ni kama noti. Kwa hivyo dhahabu yaweza kununuliwa kwazo hata kwa deni. Twawajibu: maneno hayo yamo vitabuni kweli, lakini yalisemwa wakati dhahabu na fedha zenyewe ndizo zilizokuwa thamani ya vitu, na fulusi zikatumika kwa vitu vidogo vidogo. Leo hapana anunuaye nyumba kwa dinari. Noti ndiyo mahari, ndiyo diya, ndiyo mshahara. Atakayesema noti haina riba, naalazimike kusema pia kuwa mwenye milioni mia benki akiuza milioni taslimu kwa milioni mbili za deni si mla riba, na kuwa mali yake haina zaka ya sarafu. Hapana mwanachuoni mwenye kumcha Mungu awezaye kuufungua mlango huo. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliamua kuwa noti ni sarafu kamili, zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Hilo ndilo twalifuata.

Kundi la pili husema kinyume chake: pesa za simu si kitu cha kushikwa. Ni hawala tu, na Ibn Hajar katika Tuhfa amesema kuwa katika sarafu yatakikana kupokea kwa hakika, wala hawala haitoshi. Tena sharia ya nchi yenyewe, iliyotungwa mwaka 2015 juu ya mifumo ya malipo, imewalazimisha wenye kampuni kuziweka pesa za wateja katika akaunti ya amana benki. Basi alichonacho mchimbaji katika simu yake ni haki juu ya mtu mwingine, si pesa.

Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza, wala sipendi kuipita kwa haraka. Lakini nasema: hawala waliyoikataa wanavyuoni wetu ni kumwambia mwenzio, «Nenda kwa fulani, nimdai, akulipe.» Mwenye kuambiwa hivyo hana kitu mpaka fulani alipe. Ama aliyeingiziwa pesa katika simu, saa ile ile aweza kununua unga, kulipa nauli ya gari, kumpelekea mama yake Shinyanga. Yule aliyempa hawezi tena kuzitumia hata senti moja. Na Mashafii wamesema kuwa kila kitu kilichotajwa katika sharia bila ya mpaka, wala lugha haikukiwekea mpaka, hurejeshwa kwa desturi ya watu. Ndiyo maana kupokea nyumba ni kuachiwa, na kupokea mzigo ni kuuhamisha, na kupokea kidogo cha mkononi ni kukishika. Mkono wa sharia si vidole vitano. Mkono ni uwezo wa kutumia, na mwenzio kuondokewa na uwezo huo.

Tena noti yenyewe ni nini? Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966, na karatasi zake ni karatasi. Thamani yake ni sharia na imani ya watu. Tuliikubali karatasi, na desturi ikathibiti. Pesa za simu nazo zilianza Kenya kwa M-Pesa mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, na leo mawakala wamo hata katika vijiji vya machimbo. Desturi imethibiti nazo. Na Majmaa ile ile, katika kikao cha Jidda mwaka 1990, ilikubali kuwa kuingiziwa pesa katika hesabu ya mtu ni kupokea kwa hukumu. Kwa hivyo twaona kuwa pesa zilizoingia zimepokewa. Na mwenye kutaka kutoka katika khilafu akalipa noti taslimu, huyo amejichungia dini yake, wala hapana wa kumlaumu.

Lakini neno ni «zilizoingia», si «zilizotumwa». Hapo ndipo wengi huteleza. Basi anunuaye dhahabu kwa simu na ayashike haya.

Kwanza, bei itajwe na dhahabu ipimwe, wala wasiachane kwa neno la «tutatazama bei ya kesho».

Pili, pesa ziingie kwa muuzaji kabla hawajaachana kwa viwiliwili vyao, na muuzaji atazame salio lake mwenyewe. Asitosheke na ujumbe alioonyeshwa, kwani wako watu watungao ujumbe wa uwongo, na mchimbaji asiyesoma vizuri ndiye windo lao.

Tatu, ziingie zote. Zikiingia baadhi kisha wakaachana, biashara imesihi kwa kadiri ya zilizoingia, na iliyobaki imebatilika.

Nne, mtandao ukisimama, na wangoje pamoja. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa hata wakiondoka mahali pale wakatembea pamoja, bado hawajaachana. Basi na waende pamoja mpaka penye mtandao, au kwa wakala achukue noti. Na wakishindwa, dhahabu irudi mfukoni mwa mwenyewe, na akdi ingoje.

Huenda akasema msemaji: lakini mchimbaji aliridhia mwenyewe, akasema «chukua, nakuamini». Twamjibu: Malik naye angeliridhia. Ridhaa ya watu wawili haihalalishi alichokiharimisha Mungu. Na tazama ridhaa hiyo ni ya nani. Mchimbaji huingia katika duara miezi mingi, chakula na kamba na magogo ya kuzuia udongo amepewa na mfadhili kwa deni. Amesaga mawe, ameosha mchanga, ameshika zebaki kwa mikono yake. Siku apatayo gramu tano, ana njaa na ana wadai. Mtu wa namna hii husema «nakuamini» kwa sababu hana awezalo jingine. Akikataa, mnunuzi atakwenda kwa mwingine. Sharia haikumwachia jambo hili mnyonge alipiganie peke yake kila siku. Ilimwekea ukuta, ili asilazimike kumwambia tajiri, «Sikuamini.» Na ukuta huo huo unamlinda na mnunuzi, asije akafa njiani na haki ya mtu shingoni mwake.

Wala sisemi haya kwa kuichukia simu. Mtu atembeaye na noti nyingi katika njia za machimbo aweza kuuawa kwa ajili yake, na kuhifadhi nafsi na mali ni katika makusudio ya sharia. Ada ya wakala nayo ni ujira wa kazi, si riba. Ama mkopo wa simu unaorudishwa na ziada, huo ni riba, ijapokuwa ziada imeitwa ada, na ijapokuwa ni shilingi mia. Na mfadhili amkopeshaye mchimbaji kwa sharti amuuzie yeye peke yake kwa bei ya chini, naye ajue kuwa kila mkopo ulioshurutishiwa manufaa ya mkopeshaji umeingia mlango huo huo.

Sasa nairudia karatasi ya yule kijana. Waliachana kabla ya kupokeana, basi akdi yao imebatilika. Pesa kufika usiku hakukuifufua. Dhahabu ile ni ya mchimbaji, nayo ni dhamana juu yake. Na pesa zile ni zake, ziko kwa mchimbaji. Nilimwambia arudi Katoro, aiweke dhahabu mbele ya mwenyewe, amweleze kosa lao bila ya kuficha. Wakitaka, wafunge akdi mpya kwa bei watakayopatana siku hiyo, na kila mmoja apokee chake kabla ya kuachana. Mwenyewe akikataa, achukue dhahabu yake na arudishe milioni moja.

Kijana akanyamaza kitambo, kwani bei ya dhahabu ilikuwa imepanda tangu siku ile. Akasema: «Maalim, faida yote itakwenda.» Nikamwambia: faida haiendi, kwa kuwa haijawa yako hata siku moja. Umeibeba tu. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, na asubuhi akapanda gari.

Ndugu zangu, alichokitia hasarani ni nauli na faida ya gramu tano, na alichokiokoa ni riziki ya watoto wake isichanganyike na haramu. Mwenye kupima na apime. Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake na haramu yake tusiihitaji, na awape baraka wachimbaji na wanunuzi wa kweli.

Wallahu aalam.