Dhamana ya Taa

Katika Kiswahili maneno amana, dhima na dhamana hukaa karibu mno, hata mara nyingi moja hutumiwa pahala pa jingine. Anayeyapima vizuri, hata hivyo, huona kuwa kila moja lina uzito wake. Amana ni kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu ili akirudishe kama alivyokipokea. Dhima ni mzigo unaomlazimu mtu kwa sababu ya nafasi aliyonayo. Dhamana ni nzito kuliko zote mbili, kwani hapo mtu hujiweka mwenyewe rehani kwa ajili ya neno lake au kazi yake. Mambo yakiharibika hulipa kwa mali yake, na pengine kwa nafsi yake. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: mtu aliyekabidhiwa idara moja tu katika kazi kubwa yenye idara nyingi, dhamana yake hufika wapi? Je, huishia kwenye kizingiti cha idara yake, au huifuata kazi yake kila inapokwenda?

Swali hili lina kisa chake mashuhuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda cha kuunda meli cha Harland and Wolff, mjini Belfast, kilikuwa na desturi iliyojulikana sana miongoni mwa wenye meli. Meli mpya ilipofunga safari yake ya kwanza, kiwanda kilituma watu wake wasafiri nayo. Kazi yao ilikuwa kuangalia kila kilicholegea, kila kilichovuja na kila kilichokataa kufanya kazi, wakitengeneze au wakiandike. Kikosi hicho kiliitwa Kikosi cha Dhamana. Titanic ilipoondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912, kikosi chake kilikuwa na watu tisa wakiongozwa na Thomas Andrews, msanifu wa meli hiyo. Mmoja wao alikuwa William Parr, msaidizi wa meneja wa idara ya umeme. Meli ilipozama alfajiri ya tarehe 15, wote tisa walizama nayo.

Ili kuupima uzito wa jambo hili, sharti kwanza ijulikane idara ya umeme ni nini katika kiwanda cha meli. Seremala ana vyumba vyake, fundi wa mitambo ana chumba chake cha injini, na fundi chuma ana mabamba yake. Fundi umeme hana chumba kimoja. Yeye huja wenzake wakiwa wameshaanza kusimamisha kuta, naye huomba njia katika kila ukuta: apitishe waya jikoni, apitishe waya darajani kwa nahodha, apitishe waya kwenye vyumba vya wagonjwa, hata kule chini kwa wachochea moto. Kila tundu alitobowalo katika kiambaza kisichopitisha maji hana budi kuliziba barabara, ama si hivyo waya wake utakuwa njia ya bahari. Anayeisimamia idara kama hiyo hushinda siku nzima akipatana na wakuu wa idara nyingine: nani atangulie, nani asubiri, nani amepitisha bomba pahala palipokwisha kuwekewa waya. Huenda hakuna mtu kiwandani, ukimwondoa msanifu mwenyewe, ajuaye meli nzima kama yeye, kwa kuwa hakuna pembe ya meli isiyohitaji taa.

Katika Titanic kazi hiyo ilikuwa kubwa. Chini, nyuma ya vyumba vya injini, zilikaa jenereta nne zilizoendeshwa kwa mvuke, kila moja ikiwa na nguvu ya kilowati 400. Taa za globu zilikuwa kiasi cha 10,000. Umeme huo huo uliendesha lifti, feni, winchi, vyombo vya jikoni na simu ya upepo. Lakini lililo muhimu zaidi kwa swali letu lilikuwa dogo na halikuonekana na abiria. Mbali na zile jenereta nne kubwa, ziliwekwa mbili ndogo za kilowati 30 kila moja, juu kabisa ya usawa wa maji, zikiwa na bomba lao peke yao la mvuke. Waya zake zilikwenda kwenye taa 500 hivi zilizochaguliwa kwa makusudi: mwisho wa ujia, kando ya ngazi, na juu kwenye sitaha ya mashua za kuokolea. Yaani, aliyeketi mezani Belfast na karatasi yake ya michoro aliwaza siku ambayo vyumba vya chini vingejaa maji. Alijiuliza mtu asiyeijua meli, aliyeamshwa usiku wa manane, angeona nini mbele yake akitafuta njia ya kupandia juu. Kisha akamwekea taa.

Siku hiyo haikukawia. Meli iligonga mwamba wa barafu saa 5 na dakika 40 usiku wa tarehe 14 Aprili, ikazama saa 8 na dakika 20. Taa ziliendelea kuwaka karibu muda wote huo, zikazimika dakika chache tu kabla ya meli kuzama. Kwa muda wa zaidi ya saa mbili na nusu watu walizipanda ngazi wakiona wanapokanyaga. Simu ya upepo ilipata nguvu ya kuita, na Carpathia, iliyousikia mwito huo, ikafika kiasi cha saa 10 alfajiri na kuwaokota waliokuwa ndani ya mashua. Wahandisi na mafundi umeme wa meli hiyo hawakuokoka hata mmoja.

Anayeishia hapa ataandika sifa, na sifa hizo zitakuwa za haki. Idara ya umeme ilikuwa imetoa dhamana, na dhamana ikatimizwa mpaka dakika za mwisho. Lakini insafu inadai kisa kisomwe chote.

Kwa hesabu ya tume ya Uingereza iliyochunguza maafa hayo mwaka 1912, melini mlikuwa na watu 2,201, na waliookoka walikuwa 711. Mashua zilikuwa 20, na zote kwa pamoja ziliweza kuchukua watu 1,178. Sheria haikuvunjwa. Sheria ya wakati huo iliihesabu meli kwa tani zake, na daraja yake ya juu kabisa ilikuwa meli ya tani 10,000 na zaidi, ambayo ilitakiwa kuwa na mashua 16. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000. Sheria ilikuwa imelala meli zikikua, na waliounda meli waliridhika na sheria iliyolala.

Hapa ndipo taa zile 500 zinapogeuka kuwa swali. Taa za dharura ziliwekwa kwenye sitaha ya mashua. Aliyezipangia pahala alizitazama mashua katika mchoro, na anayetundika taa juu ya mashua hakosi kuweza kuzihesabu. Usiku ule mwanga wa idara moja ulimulika upungufu wa idara nyingine. Ngazi zilizoangazwa vyema ziliwapandisha watu mpaka pahala ambapo zaidi ya elfu moja miongoni mwao hawakuwa na pa kukaa. Tena kuna uchungu mwingine. Meli inayong'ara taa kila dirisha haifanani na meli inayozama. Mashua za mwanzo ziliteremshwa zikiwa na nafasi tele. Moja yao, iliyoweza kuchukua watu 40, iliondoka na watu 12. Si vigumu kufahamu kwa nini abiria angesita kuuacha mwanga na joto, akajitia katika chombo kidogo juu ya bahari nyeusi. Kazi iliyofanywa kwa uaminifu, ikiwa peke yake, huweza kumpa mtu utulivu asiostahili kuwa nao.

Mtetezi wa taratibu atapinga, na hoja yake si ya kudharauliwa. Atasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Meli ya namna ile huundwa na maelfu ya mikono, nayo huweza kuundwa kwa sababu moja tu, kwamba kila mmoja hushika lake. Mkuu wa umeme akianza kuhesabu mashua, na mkuu wa mashua akianza kupima waya, hakuna kitakachoteremka majini. Fauka ya hayo, mtu hulaumiwa kwa alilokuwa na uwezo nalo, na mkuu wa umeme hakuwa na amri hata juu ya mbao moja ya mashua.

Hoja hii ni kweli kwa upande wa mkono, na si kweli kwa upande wa ulimi. Mkono wa mtu una mpaka, nao ni mpaka wa idara yake. Akiuvuka, ameingilia kazi ya watu. Ulimi hauna mpaka huo. Asiye na amri ya kuongeza mashua bado anaweza kusema mashua hazitoshi, akasema mahali panaposikika, na neno lake likaandikwa.

Hata hivyo kusema si jambo jepesi, na ushahidi wake umo katika tume ile ile. Alexander Carlisle alikuwa meneja mkuu wa kiwanda hicho mpaka alipostaafu mwaka 1910. Aliamini kuwa mashua zaidi zilihitajika, akapendekeza nguzo za kuteremshia zenye uwezo wa kubeba mashua nyingi kuliko zilizokuja kuwekwa. Akaieleza tume kwamba katika vikao vya saa nyingi na wenye meli, suala la mashua lilichukua dakika tano au kumi. Kisha akaulizwa kuhusu kamati ya ushauri wa serikali aliyokaa mwaka 1911, ambayo ripoti yake ilipendekeza idadi asiyoiamini kuwa inatosha, naye akaitia saini. Alikiri kuwa siku ile alikuwa laini. Hakuwa mwovu wala mjinga. Alijua, na alikuwa na ulimi, na alikuwa na kiti mezani. Kilichomshinda ni kuwa mgumu kwa muda wa saini moja.

Ukiwaweka watu hawa wawili pamoja, somo hujitokeza lenyewe. Mmoja alisafiri na kazi ya idara yake, akaiweka nafsi yake rehani, na kazi ile haikumwaibisha. Wa pili aliona zaidi ya idara moja, lakini neno lake likaishia nusu njia. Laiti jicho la yule lingekutana na uaminifu wa huyu! Dhamana kamili inahitaji vyote viwili: mkono usiodanganya ndani ya mpaka wake, na ulimi usionyamaza nje ya mpaka huo. Kufa na meli si sehemu ya sharti. Kifo cha Parr hakikuongeza hata kiti kimoja ndani ya mashua, wala hakuna haki inayomdai fundi damu yake. Dhamana yenye faida hulipwa mapema, mezani, kalamu ikiwa bado mkononi na meli ikiwa bado nchi kavu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na baharini ukuta haujengeki.

Dunia ilijifunza kwa kuchelewa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini uliandikwa mwaka 1914, ukidai nafasi katika mashua kwa kila aliyemo melini. Mkataba unaotumika siku hizi unaitaka meli ya abiria iwe na umeme wa dharura juu ya sitaha ya juu inayoendelea bila kukatika, utakaotosha kwa saa 36. Lile ambalo fundi mmoja aliliwaza kwa hiari limekuwa wajibu wa wote.

Watu wa visiwani hawana haja ya kuelezwa giza la bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na nyumba nyingi bado zinazo nafasi zisizojazwa. Kila jioni abiria hupanda chombo, huweka mzigo wake, humlaza mtoto mapajani, na macho yake hupita juu ya taa iliyo karibu na mlango bila ya kuiona. Hamjui aliyeiweka, wala yule hamjui yeye. Kati yao hakuna mkataba wala saini. Upo mwanga ule tu, na hesabu ambayo mtu fulani, katika idara fulani, aliifanya au hakuifanya, akaisema au akainyamazia, kabla chombo hakijagusa maji.