Mlango Usio na Komeo

Hapa kwetu Mshangano, katika Manispaa ya Songea, nyumba nyingi hushinda milango wazi. Mtu akifika husimama uani na kupiga hodi, na hata akiona kwamba mlango hauna komeo, hungoja aitikiwe. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo. Nami nilidhani naifahamu barabara, mpaka siku nilipomvunjia heshima jirani yangu kwa mlango nilioacha wazi.

Mlango wenyewe ulikuwa wa kompyuta. Nilipostaafu ualimu, chama chetu kidogo cha akiba na mikopo kiliniomba nikitengenezee tovuti, wanachama wapate kusoma matangazo na bei za mbolea katika simu zao. Hatukuwa na fedha za kununua programu ya seva, yaani ile inayopokea maombi ya wasomaji na kuwapelekea kurasa. Nikatumia Apache, ambayo hutolewa bure. Programu hii ilianza mwaka 1995, pale watu wanane waliposhirikiana kukusanya marekebisho ambayo wasimamizi wa tovuti walikuwa wameyafanya, kila mmoja kwa shida yake, juu ya seva ya zamani iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kazi yao hawakuifungia sandukuni. Waliruhusu yeyote aisome, aitumie na kuirekebisha. Ndiyo maana huitwa programu huria.

Ndani ya seva mafaili hupangwa katika saraka, au folda kama wasemavyo vijana. Folda ndani ya folda, mithili ya vyumba. Msomaji akiomba folda, seva hutafuta kwanza faili la kupokelea wageni, ambalo aghalabu huitwa index.html. Lisipokuwapo, seva hutazama mipangilio, na ikiwa imeruhusiwa, huorodhesha kila kilichomo na kumwonyesha aliyeomba. Ruhusa hiyo ni neno moja tu, na folda ya ndani huirithi kutoka folda iliyoibeba, isipokuwa imepewa amri yake yenyewe. Mimi niliruhusu orodha katika folda ya juu ili matangazo yaonekane kwa urahisi. Ndani yake, kwa uvivu tu, nilikuwa nimehifadhi daftari la wadaiwa.

Kijana mmoja akalikuta. Siku mbili baadaye deni la mama mmoja mjane likawa linazungumzwa kwenye mashine ya kusaga. Nilipomwita kijana yule, aliniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikuvunja kitu. Mlango ulikuwa wazi."

Je, ndugu msomaji, kila kilicho wazi ni halali kukitazama? Kijana yule amelelewa hapa hapa, naye anajua hodi. Asingeingia chumbani kwa mama yule kwa sababu tu pazia limepeperushwa na upepo. Alikosa, na kosa lake kubwa zaidi ni kukisema alichokiona. Lakini kosa lake halifuti langu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humbebesha anayetunza taarifa za watu wajibu wa kuzilinda; nami hata bila sheria nilijua nani alikuwa mtunzaji.

Nilikwenda kumwomba radhi mama yule. Kwa aibu, nikaanza kujitetea kwamba uwazi ni jambo jema, kwamba hata programu ile imetolewa wazi na watu wengi duniani wamefaidika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, deni ni langu."

Maneno hayo yalinifunza nilichokuwa sijakielewa. Waliotoa Apache walifungua jasho lao wenyewe, nao walikuwa na haki ya kulifungua. Mimi nilifungua siri ya mwingine, kisha nikataka kuvikwa sifa yao. Ukarimu ni kutoa kilicho chako. Kutoa cha mwenzio bila kumwuliza kuna jina jingine. Wala siwezi kuwalaumu watengenezaji, kwani leseni yao husema bayana kwamba programu hutolewa kama ilivyo, bila dhamana. Tena maelekezo yao hushauri mtu afunge kwanza mzizi wa folda zote, kisha afungue moja moja ile anayokusudia. Uhuru walinipa wao. Uangalifu ulikuwa juu yangu.

Usiku ule nilifunga mzizi, nikalihamisha daftari nje kabisa ya folda za tovuti, nikafungua matangazo peke yake. Ilikuwa kazi ya dakika chache.

Mama yule alimaliza kulipa deni lake baada ya mavuno. Siku hizi nikipiga hodi kwake huniitikia vizuri, ila hutoka nje kunisikiliza, na mlango huurudishia nyuma yake.