Fungu la Mlinzi wa Mizigo

Washarika wenzetu, huku kwetu Tarime na Serengeti ni nadra kukuta ukoo usio na askari. Lakini tukisimulia vita, tunamsimulia aliyekwenda mbele na bunduki. Leo tuulize habari za aliyebaki na magunia. Je, kuliwekea jeshi akiba ni kazi njema mbele za Mungu, au ni kutumainia farasi na magari?

Uganda haina pwani. Mafuta yake yalipitia Mombasa, na Kenya ilipoibana njia hiyo mwaka 1976, serikali ya Idi Amin ilitikisika. Nchi ya namna hiyo inahitaji akiba, na zaidi inahitaji ujirani mwema. Amin alichagua vita. Oktoba 1978 askari wake walivuka mpaka hadi mto Kagera, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe na kupora kiwanda cha sukari.

Upande wetu malori ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na chakula, na wananchi wakachanga mifugo na nafaka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kisha tukafunga mkanda, na miezi 18 tuliyoambiwa ikageuka miaka. Majina ya madereva na wapishi wa vita ile hatuyataji.

Daudi aliwakumbuka watu kama hao. Katika 1 Samweli 30, watu 200 waliochoka walibaki na mizigo kwenye kijito cha Besori. Baadhi ya waliopigana walitaka kuwanyima mateka. Daudi akakataa: ushindi ni wa Bwana, basi fungu ni moja.

Yohana Mbatizaji naye, katika Luka 3, hakuwaambia askari watupe silaha. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, waridhike na mshahara wao. Lakini ataridhikaje asiyelishwa? Anayemtuma askari bila posho amemtuma kuiba. Dhambi imeanzia kwenye ghala tupu. Hata hivyo, ghala lililojaa halihalalishi vita. Martin Luther, akiandika juu ya askari mwaka 1526, alikubali kwamba kazi yao yaweza kuwa huduma kwa jirani, lakini alimhukumu anayeanzisha vita.

Nasi tuna maghala. Tunauza mahindi yote wakati wa mavuno, kisha tunayanunua kwa bei kubwa, na kijana mwenye njaa anaanza kulitazama zizi la jirani. Sisi wachungaji tunakiri: mwaka mmoja wa ukame tulihubiri uvumilivu huku stoo ya usharika haina hata debe moja. Tuliwatuma watu vitani bila posho.

Katekismo Ndogo yatufundisha kwamba katika riziki ya kila siku mmo pia serikali njema na amani. Basi sikukuu ya mavuno ijayo, kila nyumba ilete debe moja la kuwekwa. Na mama atakayeshika ufunguo wa stoo, tumwombee madhabahuni pamoja na wahubiri. Fungu lake ni lile lile.