Je, Kuachiliwa Ndiko Kupewa Haki?



Mtu akishtakiwa kwa mauaji, akakaa mahabusu miezi mitano, kisha akafunguliwa mlango na kuambiwa aende zake, je, amepewa haki? Swali hili si la mahakimu peke yao. Ni letu pia, sisi wa Karatu na Ngorongoro.

Tukumbuke yaliyotokea. Mwezi wa Juni 2022, askari walipelekwa Loliondo kusimamia uwekaji wa mipaka katika eneo la kilometa za mraba 1,500, ambako Wamasai walikuwa wakichunga mifugo yao. Tarehe 10 askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale. Wananchi nao walijeruhiwa, wengine kwa risasi, na baadhi walikimbilia Kenya. Watu 24 walishtakiwa Arusha kwa mauaji ya askari yule. Miongoni mwao walikuwamo viongozi waliokamatwa tarehe 9, siku moja kabla ya kifo chenyewe. Tarehe 22 Novemba upande wa mashtaka uliiondoa kesi, nao wakatoka.

Siku zile ilikuwa rahisi kusema, "Wamasai wameua polisi." Ni maneno matatu tu, lakini yana dhambi ndani yake. Mshale hurushwa na mkono wa mtu, haurushwi na kabila. Hapa petu tuko Wairaqw, Wabarbaig, Wahadzabe, Wamasai na wengine. Nani kati yetu angependa kushtakiwa kwa sababu ya kabila lake? Tena ukimkamata asiyehusika, humsaidii hata mfiwa. Kesi ile iliondolewa, na jamaa za askari hawakuonyeshwa aliyemuua ndugu yao.

Katika Matendo 16, Paulo na Sila walichapwa bila kuhukumiwa. Asubuhi wakuu wa mji wakaagiza wafunguliwe kimya kimya. Paulo akakataa kutoka mpaka wakuu waje wenyewe. Hakutaka kisasi, alitaka kosa lililofanywa hadharani likubaliwe. Na usiku ule ule, Paulo huyo huyo alikuwa amemzuia mlinzi wa gereza asijiue. Aliyedai haki yake aliujali pia uhai wa askari.

Tusidhani kwamba kukiri kosa huvunja heshima ya wakuu. Mahakama ya Afrika Mashariki, huko Arusha, ilitupa shauri la vijiji vinne vya Loliondo kuhusu kuhamishwa kwa watu mwaka 2017. Hukumu ilitolewa tarehe 30 Septemba 2022. Tarehe 29 Novemba 2023 majaji wa rufani waliitengua, wakaagiza shauri lisikilizwe upya. Mahakama haikupungukiwa kitu kwa kujitazama tena.

Basi yatupasa kuwaombea pamoja jamaa za askari yule, waliojeruhiwa, na waliokaa mahabusu. Na tukisikia mtu akisema, "Wale ndivyo walivyo," tumwulize kwa upole: Ni nani hasa? Alifanya nini? Nani aliona?

Bwana atupe macho ya kumwona kila mtu kwa jina lake. Amina.