Mja wa Nani?



Wiki iliyopita mwanangu wa miaka 12 alirudi nyumbani hapa Regent Park na jezi mpya ya mpira. Mgongoni imeandikwa ABDUL. Jina lake ni Abdulrahman. Nikamuuliza nani kalikata. "Mimi mwenyewe, baba. Ni refu."

(Mtaa wetu majengo yake ya zamani yalianza kubomolewa mwaka 2005, jina halikuguswa. Kwa mwanangu imekuwa kinyume.)

Kwa Kiarabu, abd ni mja, yaani mtumwa, na ile -ul ni kiungo tu kinachongoja neno lifuatalo. Rahman ni Mwingi wa rehema. Basi Abdul ni maneno yaliyokatwa katikati: "mja wa..." Wa nani? Tena ukilitamka jina zima ipasavyo, lamu humezwa na ra, ikawa Abdurrahman. Hiyo "Abdul" hata haisikiki humo.

Mtu atasema nakuza mambo. Lakini mimi ni mtu wa Unguja, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu. Kwetu neno mtumwa si la mchezo. Jina hili linabebeka kwa sababu ya nusu yake ya pili: aliye mja wa Rahmani hawezi kuwa mtumwa wa binadamu mwenzake. Ondoa Rahmani, unabaki utumwa mtupu. Ndiyo maana mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, nilifurahi kuona jina lote limeandikwa: mja wa Mwenye kuruzuku, shina moja na riziki yetu.

Nilimweleza mtoto haya yote. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mbona wewe baba unaitwa Hamisi? Si Khamis?"

Kweli. Pwani nzima tumeyafinyanga majina haya. Marehemu bibi alimwita kaka yangu Abdu maisha yake yote, na hakuna aliyeona katukanwa. Nilitaka kujibu kwamba bibi alikijua kipande alichokiacha. Nikanyamaza, maana mwanangu hakukijua, na aliyepaswa kumwambia ni mimi. Miaka 12 nimemwita jina hilo bila kumfunulia maana yake, mpaka jezi iliponichokoza.

Jumamosi ana mechi, na atavaa jezi hiyo hiyo. Mimi nitasimama pembeni mwa uwanja nimwite kwa jina lote, hata kama nitakapolimaliza mpira utakuwa umeshapita.