Lori Juu ya Mawe

Keko ya Dar es Salaam tunaijua kwa vitanda na makabati, lakini pitia gereji zake: si ajabu kukuta lori kuukuu aina ya Bedford juu ya mawe, bodi imekwanguliwa, injini imeshushwa. Mwenyewe kaishiwa. Auze? Auze. Atasema pesa yake imelala pale. Kweli, imelala, lakini chumvi ya bahari hailali, na kutu haisubiri mshahara. Atasema mnunuzi atalipeleka kwenye chuma chakavu. Hapo ana hoja, ila hoja yenyewe inamrudia. Lori lisilo na kadi ya usajili, vipuri vimetapakaa kwa mafundi, litauzwa kwa kilo tu. Mkeka ulioachwa nusu humalizwa na mkono mwingine, mradi ukili upo wote. Basi kusanya. Nati ziingie kopo, kopo liandikwe. Gia boksi irudi kutoka kwa fundi. Kadi itafutwe. Na mnunuzi akifika, mwonyeshe kwanza pale chesisi ilipoliwa, kabla hajaipenda taa ya mbele. Bei itashuka, ndiyo. Lakini atajua kesho aanzie wapi: achomelee nini, aagize nini.