Bure Hulipiwa na Nani?

Neno bure lina nyuso mbili. Ukipewa kitu bila kulipa, umekipata bure. Ukihangaika kutwa nzima bila kufaulu, umejisumbua bure. Mimi hulikumbuka hilo kila ninapomsikia mtu akisema shule zetu za msingi hazina kisingizio tena, kwa kuwa zana za kufundishia zimejaa mtandaoni, tena za bure.

Zimejaa kweli, na nyingine ni noma. Kahoot hugeuza zoezi la hesabu kuwa mashindano yenye muziki. Scratch, iliyotoka chuo cha MIT mwaka 2007, humwezesha mtoto kutunga mchezo wake mwenyewe kwa kupanga vipande vya maagizo. PhET ilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Humo mtoto huunganisha nyaya na betri kwenye skrini, balbu ikawaka, bila hofu ya kupigwa na stima.

Dadangu anafundisha gredi ya tano Eastlands, darasa la watoto zaidi ya sitini. Maabara ya sayansi ni kabati moja lenye kufuli. Nimeketi nyuma ya darasa hilo siku ya projekta, nikaona watoto ambao hawainui mkono kamwe wakisukumana kujibu. Kwa hivyo siwezi kusema turudi kwa chaki peke yake. Swali langu ni jingine: bili inaenda kwa nani?

Kwanza, kwa mwalimu. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka tableti kwa shule za msingi za umma, zikiwa zimewekwa masomo ndani. Lakini vya mtandaoni vinataka intaneti, na intaneti ya darasa la dadangu ni simu yake mwenyewe. Pesa ya data inatoka kwa mshahara wake. Sawa, yeye ni mtu mzima, amechagua.

Mtoto hakuchagua. Zana nyingi hutaka jina, umri, imeili, kisha huandika kimyakimya alichobofya na alipokosea. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza zana zaidi ya 160 za masomo zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa korona. Asilimia 89 zilionekana kufanya mambo yanayohatarisha au kukiuka haki za watoto. Hapa kwetu, sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na iwe kwa maslahi ya mtoto. Sasa fikiria mwalimu anayebonyeza "Nakubali" mara moja kwa niaba ya watoto sitini. Wazazi wako kibaruani, wengine sokoni. Nani amekubali hapo?

Mama zetu walitufunza mapema: usile kitu cha mtu humjui. Mtu akisimama kwa geti ya shule akigawa peremende na kuandika majina ya watoto kwa daftari, tungemwitia polisi. Huyohuyo akipitia kwa projekta, tunampigia makofi.

Rafiki yangu mmoja hanielewi kabisa. "Wazazi wa shule za pesa wananunulia watoto wao zana zisizo na matangazo," aliniambia. "Ukikataa za bure, unamnyima nani? Si ni huyo mtoto wa Eastlands? Faragha hailiwi, bana."

Hoja hiyo ni nzito, na siipuuzi. Lakini isikilize vizuri. Inasema mtoto wa maskini alipe kwa kitu ambacho mtoto wa tajiri anabaki nacho. Shida inaeleza kwa nini tunapokea. Haifanyi deni kuwa zawadi. Na anayelipa hajafika umri wa kufungua hata akaunti ya benki peke yake.

Kuna mlipaji wa tatu: darasa la mwaka ujao. Jamboard ya Google, ubao wa kidijitali ambao walimu wengi duniani walitayarishia masomo, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2024. Hakuna aliyeiba. Nyumba ilikuwa ya mwenyewe, na mpangaji aliyekuwa akikaa bila kodi hana mkataba wa kuonyesha.

Hata hivyo, zana za bure hazilingani, na hapo ndipo wajibu wa mwalimu unapoanza. Michezo ya PhET huchezwa bila kujisajili, na unaweza kuipakua ukaitumia hata mtandao ukipotea. Kolibri imetengenezwa makusudi kwa mahali pasipo na intaneti. Hata kwenye Kahoot mtoto anaweza kuingia kwa jina la kubandika. Dadangu huwapa watoto wake majina ya matunda na ndege: leo wewe ni Embe, wewe ni Kunguru. Wanacheka, wanashindana, na hakuna jina halisi linalotoka darasani. Na kwenye mkutano wa wazazi huwaeleza anatumia nini na kwa nini. Mama mmoja akisema wake asiingizwe, mtoto huyo hujibu kwa karatasi, na alama zake zinahesabiwa pamoja na za wengine.

Ni kazi ya ziada, najua, kwa mtu ambaye tayari ananunua data kwa pesa yake. Lakini mwalimu husimama mahali pa mzazi, na mzazi hapokei kitu kwa niaba ya mtoto kabla ya kuuliza mtoaji anataka nini. Jibu likiwa "hataki kitu", chukua, fundisha. Likiwa "anataka mtoto", basi hiyo si bure. Ni mkopo uliochukuliwa kwa jina la mtu wa miaka kumi.